Asumini na Ndoo ya Chokaa

Siku yangu ya kwanza kazini Bwana Bustani, ndivyo tulivyomwita mkubwa wetu, alinikabidhi mkasi wa kupogolea, yaani kupunguza matawi, akaniambia: "Salehe, ua ni kama mke wa mtu. Usiliguse bila sababu." Mie nikacheka. Yeye hakucheka.

Nilianzia Kinondoni, nikahamishiwa Temeke pamoja na Bwana Bustani miaka ile ya ruksa, biashara imeachiwa huru, kila kibaraza kimegeuka duka. Ofisi yetu ilikuwa jengo la kale la mawe ya matumbawe, kuta nene kama tumbo la tajiri, na ukutani imetambaa asumini iliyopandwa sijui na nani. Vuli ikidondosha mvua mbili tatu tu, imejaa vitumba. Vitumba huchumwa alasiri, havijafunguka. Vikitungwa kikuba, kile kishada cha maua na mrehani anachovaa bi harusi kifuani, hufunguka usiku akiwa navyo mwilini. Basi akina mama walikuwaga wanaingia ofisini kuchuma, na Bwana Bustani hakuwazuia.

Akaja Katibu mpya, mkubwa wa ofisi nzima, kijana wa bara, mtu mwema ila ana haraka. Siku moja asubuhi katangaza: kesho mgeni rasmi. Nyie hamjui balaa la mgeni rasmi! Kila kilichosimama kinapakwa chokaa: mawe ya njiani, mashina ya miti, hata mbuzi akizubaa. Kijijini kwetu upande wa Kisarawe lipo gofu la msikiti wa mawe, asumini imelizunguka, hakuna aliyelipaka kitu, na linanukia hadi barabarani. Lakini hapa nilikuwa chini ya Katibu.

"Mzee Salehe, leo ukuta wote uwe mweupe."

"Na asumini, mheshimiwa?"

"Paka tu. Maua yake si meupe?"

Nikachoka! Na usiku huohuo anaolewa mjukuu wa Bi Zuhura, kungwi wa mtaa. Asumini nyingine jirani hakuna, zote zimeng'olewa kupisha maduka. Bi harusi bila kikuba atasemwa mpaka azeeke. Nikaenda kumwambia Bi Zuhura. Kurudi, nikakoroga chokaa polepole kama uji wa mgonjwa, mpaka alasiri akina mama wakaingia na nyungo zao.

"Haya maandamano ya nani?" Katibu akafoka.

"Kwenu shikamoo haipo, mwanangu?" akauliza Bi Zuhura.

Katibu akanywea. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mjukuu wangu anaolewa leo. Unataka anuke chokaa kama kaburi?"

"Basi nusu saa, mama. Nusu saa tu."

"Ya kwenu bara au ya huku Pwani?"

Wakachuma mpaka magharibi, kwa vigelegele. Bi harusi akatoka ananukia, mtaa mzima ukajua. Mie usiku huo nikapaka yote, na asumini ikakauka kabla vuli haijaisha.

Mgeni alichungulia dirishani mwa gari. "Safi sana!" akasema, akaondoka. Kwa neno hilo moja ikaamriwa ofisi zote zifanywe hivyohivyo, na Salehe ndiye mpakaji hodari. Wakanizungusha na ndoo, Tabata, Sinza, Kinondoni tena, mpaka nikastaafu. Mtu niliyeajiriwa kutunza maua!

Vijana wananiuliza kwa nini bustani yangu hapa Kiwalani haionekani kutoka njiani. Asumini nimeipanda nyuma ya choo. Akina mama wanajua pa kupita, na mgeni rasmi hafiki huko.