Msalimie Bi. Somoe Kwanza, Ndipo Uzime Gari

Naikumbuka mpaka leo siku ambayo gari la kijiji chetu lilikataa kuzima.

Mwanangu, hii ni Jumamosi ya tatu nakuona umelala chini ya gari lako hapo uani, miguu tu ndiyo inaonekana, na ukitoka unacheka peke yako. Jana umeniambia umeiongezea turbo presha, na kwamba sasa ukitoka hapa Chuno mpaka Mtawanya hakuna wa kukupita. Nikacheka na wewe. Halafu nikakuuliza kama umemwambia mkeo, maana yeye ndiye anayelichukua kila asubuhi kuwashusha watoto shule. Ukanijibu, "Ah, baba, yeye mambo ya injini hayajui." Hapo kicheko kikaniishia. Weka spana chini kidogo. Nitakuwa mrefu, lakini chai ipo.

Wewe umenijua nikiwa mzee wa kofia na redio. Hukunijua nikiwa dereva. Miaka ile ya ujamaa tulihamia kijiji kipya juu ya kilima, upande wa kuelekea mdomo wa Ruvuma. Shule ilijengwa pale pale, zahanati pale pale, na mashamba ya mikorosho na mihogo hayakuwa mbali. Kitu kimoja tu hakikuhama na sisi, nacho ni maji. Kisima kilibaki bondeni, na mwanamke aliyeteremka na ndoo alfajiri alirudi jua limeshapanda.

Kwa hiyo korosho za shamba la pamoja zilipotupatia pikapu ya dizeli, kuukuu lakini yetu, hakuna aliyeuliza itafanya kazi gani. Kila siku iliteremka na mapipa matupu na kupanda na mapipa manne yaliyojaa, mara tatu au nne, na maji yakamiminwa kwenye tangi la saruji karibu na ofisi ya kijiji. Dereva nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mama yako nimemuoa juzi juzi, na ufunguo wa gari niliuvaa shingoni kwa kamba ili kila mtu auone. Usicheke, na wewe huo wako unauzungusha kidoleni hivyo hivyo.

Pale kwenye tangi alikaa Bi. Somoe, mama mtu mzima ambaye kijiji kilimkabidhi foleni ya ndoo. Bi. Somoe alikuwa na jambo lake moja, salamu. Kwake salamu haikuwa shikamoo ukaondoka. Alikuuliza umeamkaje, mkeo kaamkaje, mama yako goti limepoa, mihogo imepata mvua, nguruwe wameingia tena shambani au wametulia. Na wewe ulitakiwa umuulize vile vile, mpaka mwisho. Mimi sikuwa na muda huo. Nilifika, nikazima, nikaruka chini, na shikamoo yangu ilimfikia nimeshampa mgongo. Alikuwa akitikisa kichwa na kusema, "Ntoto huyu anakimbizwa na nani?"

Kuzima haraka hakukuwa ukorofi wangu peke yangu. Dizeli ilikuwa adimu, na mwenyekiti wa kijiji alishatoa amri: gari likisimama, lizimwe hapo hapo. Akisikia injini inanguruma na magurudumu hayazunguki, alitoka ofisini na kalamu sikioni.

Tatizo lilikuwa mlima. Gari lile lilipanda kwa gia ya kwanza, moshi mweusi nyuma, na wanawake wenye ndoo kichwani walinipita huku wakinipa pole. Pole ile iliniuma kuliko tusi. Ukaja msimu wa kiangazi, tangi likawa linakauka kabla foleni haijaisha. Siku moja mama yako, na mimba ya dada yako, alirudi nyumbani na ndoo tupu. Aliiweka ndoo mlangoni, akaketi kando yake. Nikasema moyoni, hapa lazima nifanye kitu.

Fundi niliyemwendea alikuwa Gervas, mtu wa kutoka Songea, aliyekuja kufanya kazi ya mitambo bandarini na kuishi hapa hapa Chuno, nyumba ya tatu kutoka hii. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na turbo mbili ndogo alizozitoa kwenye matrekta mawili yaliyokufa. Akanieleza kwa mikono: moshi wa injini unaotoka unazungusha kipanga kama cha feni huku, kipanga kingine huku kinasukuma hewa nyingi ndani, na injini inapata pumzi ya kubebea mzigo. Nilimsikiliza mdomo wazi. Akanichongea kiungo cha kuishikizia, akanipa mabomba, na kazi ya kufunga nikaifanya mwenyewe nyumbani, uani, Ijumaa mbili baada ya swala, siku ambazo gari lilipumzika.

Masharti alinipa kabla sijaondoka, na nitayasema kama alivyoyasema. "Kijana, pampu ya dizeli usiifungue zaidi ya robo mzunguko. Hiki kitu kinazunguka kuliko unavyoweza kufikiria, na kinaishi kwa oili ya injini. Ukizima ghafla kikiwa cha moto, oili inakatika na chenyewe bado kinazunguka. Kwa hiyo ukisimama, iache injini ingurume taratibu, muda wa kunywa kikombe cha chai. Na ikitokea siku injini inakataa kuzima, izibe pale hewa inapoingilia. Ila usitie mkono." Halafu akaniangalia. "Mwenyekiti wako anajua?"

"Anajua," nikasema.

Hajui! Nilikuwa sijamwambia mtu. Nilijidai nahofia mkutano, kwamba wazee watakaa siku tatu wakibishana na mwisho wakatae. Ukweli ni kwamba nilitaka sifa yote iwe yangu. Mwenyekiti aliponiuliza kwa nini gari sasa linapiga mluzi, nilimjibu nimesafisha noseli za kurushia dizeli.

Na lilipiga mluzi kweli, mwanangu! Ukikanyaga, kwanza lilifikiri kidogo, halafu likakusukuma mgongo kwenye kiti. Nilipanda mlima na mapipa sita kwa gia ya pili. Wale walionipa pole nikawapita nikipunga mkono. Tangi lilijaa mpaka likamwagika, na mama yako alioga maji ya kutosha, akaimba humo bafuni. Kwa wimbo ule peke yake ningeweza kufunga turbo kumi.

Lakini kikombe cha chai cha Fundi Gervas kilinishinda siku ya kwanza. Nilifika kwenye tangi, nikaiacha injini ikinguruma kama nilivyoagizwa. Mwenyekiti akatoka. "Ndugu Issa, hilo linamsubiri nani?" Kumjibu ni kueleza turbo, na kueleza turbo ni kukiri kwamba nimelichezea gari la watu wote bila kuwauliza. Nikazima. Siku ya pili nikazima bila kuulizwa. Ikawa hivyo wiki tatu, kila safari, likiwa limetoka kupanda mlima na mapipa sita, likiwa moto kama kikaango. Nilijua nakosea kila nilipokata injini. Nilijua.

Basi ile siku ninayokuambia, katikati ya mlima mluzi ukageuka kilio. Nikatazama nyuma, sikuona bonde wala mkorosho, moshi mweupe mtupu. Nikafika kwenye tangi, nikavuta waya wa kuzimia. Injini ikaongeza sauti. Nikatoa ufunguo kabisa, nikaushika mkononi, na gari likazidi kupiga kelele, linatikisika, mapipa yanagongana. Turbo ilikuwa imekatika ndani, inaimwagia injini oili yake yenyewe, na injini ikawa inaila hiyo oili badala ya dizeli. Wanawake waliacha ndoo wakakimbia. Mama yako alikuwa kwenye foleni. Nilimwona amelishika tumbo kwa mikono miwili, anarudi nyuma nyuma, macho kwangu. Mwanangu, nimeshaogopa mambo mengi duniani, lakini yale macho ndiyo niliyoyaogopa zaidi.

Nikakumbuka maneno ya mwisho ya Gervas. Juu ya mapipa kulikuwa na gunia tuliloliloweka kuzuia maji yasirushwe. Nikalivuta, nikafungua boneti, nikalisokomeza pale hewa inapoingilia, nikalikandamiza kwa kipande cha ubao. Injini ikakohoa, ikatikisika mara mbili, ikanyamaza. Kimya kikawa kikubwa mpaka nikasikia maji yakidondoka kutoka kwenye gunia.

Mkutano haukungoja kesho. Mwenyekiti aliniuliza mbele ya watu wote, na safari hii nilisema kila kitu, noseli na uongo wake, na kikombe cha chai nilichokikwepa. Akaninyooshea kiganja. Nikavua kamba shingoni, nikauweka ufunguo mkononi mwake. Mtu mmoja akasema kidude kile kitupwe bondeni, gari lirudi lilivyokuwa. Wengi wakaitikia.

Bi. Somoe akasimama. "Mie nauliza. Hicho kidubwasha kilipokuwa kizima, maji tulikunywa au hatukunywa?"

"Tulikunywa," watu wakajibu.

"Basi kidubwasha hakina kosa. Kosa la ntu aliyetuficha. Kirudi, ila safari hii tukijue wote."

Siku tisa gari lilikaa limesimama. Siku tisa nilikwenda bondeni na mama yako, ndoo mbili mimi, yeye nilimkataza, akanikatalia, akabeba kidumu. Hakunigombeza hata siku moja. Siku ya nne, tukiwa tumepumzika njiani, aliniuliza tu, "Ungeniambia mimi, ningekuzuia?" Nikamtwisha kidumu chake, tukaendelea kupanda. Swali lile ninalo mpaka leo.

Nilikwenda Chuno kwa miguu kumkabili Fundi Gervas. Nilimkuta anakula ugali. Nikamwambia nilimdanganya. Akamaliza tonge lake polepole, akanawa. Akasema turbo ya pili ipo, na yuko tayari kuitoa, lakini haifungwi tena uani kwangu. Itafungwa kwenye tangi, mchana, kila anayekunywa maji yale akitazama.

Alikuja Jumapili baada ya kanisa, akabandua kila kitu juu ya turubai, akawaonyesha watu kipanga kilichokatika na mhimili uliokauka. Mwenyekiti aliinama akakishika, akakigeuza geuza. Injini yenyewe ilikuwa nzima, gunia liliiwahi. Gervas alipofika kwenye lile sharti la kusubiri, mwenyekiti alikuna kichwa. Alikuwa tayari sasa kuitoa dizeli hiyo, lakini chai ya kila safari itatoka wapi, na saa ya mkononi pale kijijini alikuwa nayo mwalimu peke yake. Nani atapima huo muda?

"Mie," akasema Bi. Somoe. "Akishamaliza kunisalimia, azime."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Gervas hakucheka. Aliuliza salamu zake huwa na urefu gani. Wakamwonyesha, Bi. Somoe na mwanamke mwingine, wakasalimiana kuanzia kuamka mpaka nguruwe wa shambani. Gervas alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Inatosha kabisa." Mwenyekiti akaiandika kwenye daftari la mkutano, kwamba dereva hatazima gari kabla ya kumsalimia Bi. Somoe salamu kamili. Halafu akanirudishia ufunguo, na akaniambia niuweke mfukoni.

Turbo ile ilipandisha maji ya kijiji miaka na miaka, mpaka bomba lilipotufikia. Kila safari nilishuka, injini ikinguruma taratibu, nikamwamkia bibi yule, nikamuuliza goti, nikamuuliza mihogo. Mwanzo niliuliza kwa sababu imeandikwa. Baadaye nikawa nangoja jibu. Siku dada yako alipozaliwa, Bi. Somoe ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipongeza, kwa sababu ndiye niliyemsimulia wa kwanza, pale pale kando ya gari. Mwisho wa salamu alikuwa akilipiga bodi kofi moja na kusema, "Haya, zima."

Sasa nasaha zangu, mwanangu, nazisema wazi ili usije ukasema nilizungukazunguka. Sikukatazi kulitengeneza gari lako. Mkono unaothubutu ni neema, na mimi ningekuwa na magoti yako tungelala chini ya gari hilo pamoja. Lakini ukikiongezea kitu nguvu, kiongezee na uangalizi. Breki ziangalie, oili ibadilishe mapema, na usiache injini ikafanya kazi isiyoiweza. La pili, na hili ndilo lililonifanya nikuite: mtu anayepanda gari lako ana haki ya kujua ulilolifanyia. Usiseme hajui mambo ya injini. Bi. Somoe hakujua hata boneti inafunguliwaje, na ndiye aliyeitunza turbo ile kuliko mimi. Siri yangu ndiyo iliyonizuia kufanya nililojua ni sahihi. Mwite mkeo leo, mfungulie boneti, mweleze, na asikilize akiwa amekaa kwenye usukani.

Mungu akubariki katika mikono yako na katika njia zako zote. Akulindie mkeo na hao watoto kila wanapofunga mlango wa gari lile, na akupe maisha marefu uje uwasimulie wako makosa yako, maana na wewe utakuwa nayo.

Na jioni ukirudi kutoka kazini, usilizime haraka. Liache lingurume hapo uani, shuka, njoo barazani unisalimie, salamu kamili, mpaka habari za goti langu. Likishatulia nitakwambia mimi mwenyewe: haya, zima.