Mpaka Aitikie

Asubuhi hii jirani anapunguza ua wake, na harufu ya majani mabichi imeingia mpaka jikoni kwangu. Hivyo hivyo ndivyo ilivyonukia barabara ya Mikumi, siku gari letu lilipoacha njia likagonga mti, tukitoka Kilosa na magunia ya mpunga.

Mama hakupiga kelele. Alinitoa nje, kisha akamtuma dada avunje matawi na kuyatandaza barabarani kule nyuma, ili malori yapunguze mwendo. Baba alikuwa ameinamia usukani, amefumba macho. Wapita njia walikuja mbio wakataka kumvuta.

“Msimguse kwanza,” mama aliwaambia. Akanisogeza dirishani. “Msalimie baba yako.”

“Shikamoo, baba.”

“Tena. Usiache mpaka aitikie.”

Nikaendelea kumsalimia, taratibu, kama kila asubuhi kabla ya chai. Kwetu, shikamoo ya mtoto haikuachwa hewani hata kama baba amekasirika. Mwishowe midomo yake ikacheza.

“Marahaba, mwanangu.”

Hapo ndipo mama alipokaa chini, kwenye lami ya moto, akaanza kulia.