Kwenye kila picha baba nilimhamishia Dubai, mpaka mto ulipoondoka na nyumba yake

Wakuu, salamu kutoka Garsen. Jua ni kali, wateja hakuna, kwa hiyo leo naandika. Hili limenitokea mimi mwenyewe, si rafiki yangu wala jirani, na sijaongeza chumvi. Mke wangu yuko humu humu jukwaani, nikidanganya ataniumbua.

Nina studio ya picha hapa mjini. Passport, harusi, mahafali, vitu hivyo. Ukiona ukutani kwa watu bibi harusi amesimama mbele ya maporomoko ya maji, ujue ni kazi yangu. Maporomoko yenyewe sijui yako nchi gani.

Sifa yangu kubwa ni kukata background.

Mteja analeta picha amesimama mbele ya nyumba ya udongo, mimi namtoa pale namweka kwenye maghorofa ya Dubai. Uso naupandisha mwanga mpaka unang'aa. Watu wanapenda, na mimi nilijiona fundi hasa.

Sasa tuje kwa baba yangu.

Mzee alikuwa mkulima kule Hewani, kando ya mto Tana. Kila nikienda nyumbani nilimpiga picha, na kila nikirudi studio nilimkata. Baba yuko Dubai. Baba yuko kwenye bustani ya maua. Baba ameegemea gari jeupe ambalo hajawahi kuligusa. Ile nyumba ya udongo na makuti ilikuwa inanitia aibu, wakuu, niseme ukweli.

Original nilikuwa nafuta. Laptop ilijaa harusi za watu.

Hapa nisimame kidogo nieleze kitu. Mlango wa nyumba ya mzee ulikuwa na mwimo wa mbao ngumu. Kila mto ukifurika tulihama, na maji yakishuka tulirudi. Baba kabla hajaingiza hata godoro alichukua panga akakata alama kwenye mwimo, pale maji yalipofikia.

Mama alituhesabu sisi watoto kwa alama hizo. Dada yangu ni ile ya chini, alizaliwa mwaka wa mafuriko hayo. Mimi ni ile inayofuata. Ukimuuliza mama umri wangu alikuwa hakutajii mwaka, alikuwa anakupeleka mlangoni.

Baba akafariki. Tukamzika kule juu, karibu na kanisa, mbali na maji.

Msimu uliofuata mto haukufurika tu ukashuka. Ulikula ukingo, kipande baada ya kipande, ukaondoka na nyumba nzima. Leo ukienda pale unapita mtumbwi. Mama tulimtoa mapema, nikamleta kwangu Garsen.

Alikaa wiki kadhaa bila kuuliza chochote. Anakula kidogo, anashinda ameangalia ukuta. Siku moja mchana akaja studio, akaketi kwenye kile kiti cha passport, akaniambia, "Mwanangu, nitolee picha ya baba yako mlangoni kwake. Naanza kusahau mlango wetu ulivyokuwa."

Nikamwambia dakika mbili tu mama. Nilijua picha za mzee ninazo nyingi.

Nikafungua. Dubai. Maua. Gari jeupe. Dubai tena.

Nikapekua flash zote, simu ya zamani, hata simu ya mke wangu. Mlango hakuna. Kwenye picha moja tu, ubavuni mwa baba, kulibaki kijiti cha mbao chembamba kama kidole ambacho sikukikata vizuri. Yaani pale nilipolipua kazi ndipo palibaki nyumba yetu.

Nikamdanganya mama kwamba laptop imeharibika. Akasema atasubiri. Ikawa kila siku baada ya chai ananiuliza kama fundi amekuja, na mimi najibu bado.

Sasa basi. Kuna mkuu mmoja aliweka uzi humu wa vijana wa sasa wanaopiga picha na kutengeneza filamu fupi, akamwaga na link. Niliingia kwa dharau kabisa. Nilitaka nione makosa yao nije niwacheke kwenye komenti.

Picha ya kwanza, mama mmoja wa kijiji cha Ozi anaanika mpunga, nusu ya uso iko kivulini. Mimi ningeuangaza. Lakini niliitazama muda mrefu nikashindwa kusema ningeangaza nini, maana yule mama alikuwa yupo kabisa, hadi uchovu wake unauona.

Ya pili, mnada wa mifugo Bangale. Vumbi na miguu tu, ya watu na ya mbuzi. Hakuna uso hata mmoja na bado unajua nani anauza na nani ananunua. Miaka yote hiyo na kamera shingoni sijawahi kupiga picha kama ile.

Halafu nikabonyeza filamu. Dakika nne, haina muziki wala maneno. Mikono ya mzee inachonga kafi la mtumbwi. Tezo inashuka, vibanzi vinaruka.

Kidole gumba cha kushoto kimepinda.

Wakuu, nikairudisha nyuma nitazame tena. Kidole kile nakijua, kilivunjika nikiwa darasa la pili. Kamera ikapanda polepole, ikapita magoti, ikaingia kivulini, na nyuma yake nikaona mwimo. Alama zetu zote.

Kulikuwa na mteja anasubiri passport. Aliniita mara tatu, baadaye akaniambia alidhani nimepata habari ya msiba.

Lakini uso wa baba haukutokea hata mara moja. Filamu ikaisha, likaja jina la aliyeitengeneza, na jina hilo nalijua. Nitamwita Ifrah, si jina lake.

Ifrah ni binti wa wafugaji kutoka Bangale. Aliwahi kuja studio kwangu kuchapisha picha za akina mama wa kwao. Mimi bila kuulizwa nikazitengeneza. Nikawaangaza nyuso, nikafuta vumbi, nikawawekea majani ya kijani nyuma. Na nikamwambia mbele ya wateja aende akajifunze kwanza kushika kamera. Aliziangalia, akaziacha mezani, akaondoka. Nilimcheka.

Sasa yeye ndiye mwenye baba yangu.

Nilimwandikia ujumbe nikaufuta, nikaandika tena. Mwishoni nikaandika mfupi tu, kwamba mimi ni yule wa studio, mzee wa kafi ni baba yangu, nyumba imechukuliwa na mto, mama anataka kuuona mlango. Na nikaomba radhi. Kwa hasira nilizo nazo mimi, angekuwa ndiye aliyenikosea, nisingejibu.

Alijibu kwamba alimrekodi mzee alipopita Hewani kabla hajafariki, na kwamba keshokutwa atakuwa njiani kwenda Malindi, atapitia Garsen.

Akaja kweli, na hard disk yake, akaichomeka kwenye laptop yangu ile ile. Mama alikuwepo, ameketi kwenye kiti kile kile. Kabla hajafungua Ifrah aliniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, hapa kuna maneno ya mzee. Kwenye filamu niliyatoa, niliona utaaibika. Niweke au nisiweke?"

Nikamwambia weka.

Baba akatokea mzima mzima, mlangoni kwake, tezo mkononi. Anatabasamu. Anasema, "Kijana wangu ana studio kule Garsen. Akinipiga picha ananihamisha. Simkatazi, ndiyo kazi yake. Lakini wewe niache hapa hapa nyumbani."

Kumbe alijua. Zile picha nilimpelekea kwenye fremu, akanishukuru moja moja, akazitundika ndani, na alijua.

Nililia mbele ya mama na mbele ya binti wa watu, sioni haya kusema.

Mama hakulia. Alisogeza kidole kwenye kioo, akaanza chini. "Huyu dada yako. Huyu wewe." Akahesabu zote mpaka ya juu. Kisha akanigeukia, akauliza, "Kwani laptop ilipona lini?"

Nikamwambia ukweli wote. Akasema nimtoe baba mlangoni kwenye ile filamu, nimchapishie picha, na nisiguse kitu.

Sijagusa. Iko ukutani pa studio, na za Ifrah ziko pembeni yake, zile za akina mama wa Bangale alizoniachia nizichapishe upya, na vumbi lao lote. Wateja wananiambia zina giza. Nawaambia zitazame vizuri. Dubai bado nawawekea wanaoitaka, siwezi kuwakatalia, lakini original sifuti tena hata ya mtu nisiyemjua.

Nilichojifunza ni hicho tu, na nimekilipia. Nilikuwa nikidhani namtoa mzee kwenye umaskini, kumbe namtoa kwake.

Wanaotaka kunitukana watukane, nimestahili. Ila kabla hujaandika chochote, fungua simu yako utafute picha ya mzazi wako. Usiangalie uso. Angalia nyuma yake, halafu utuambie hapo chini umeona nini.