Kasi Iliyopita Ndani ya Zege

Ka!

Vibao viwili vimegongana. Shule haikuwa na bastola ya kuanzishia mbio, kwa hiyo mwalimu wa michezo alisimama mwanzoni mwa njia akavigonganisha vibao juu ya kichwa chake. Msichana mmoja mwembamba alisimama upande wa pili, kidole kikiwa juu ya saa ya kupimia mbio. Wenzake walibonyeza saa waliposikia. Yeye alibonyeza alipoviona vibao vikikutana, maana alikuwa amegundua kwamba sauti huchelewa njiani, kama mgeni aliyesimama kidogo kwa jirani. Hakuna aliyemfundisha. Tangu hapo anaamini kwamba kila kipimo kina uongo wake mdogo, na mpimaji mzuri ni yule anayejua uongo huo unakaa wapi.

Sasa ni mama wa makamo, mpana wa mabega, mwenye sauti ya kufika goli hadi goli. Ndiye mtaalamu wa vipimo katika klabu ya soka ya wanawake. Kazi hiyo aliisomea, na cheti chake kimetundikwa nyumbani juu ya cherehani ya mumewe, lakini wachezaji hawamwiti mtaalamu. Wanamwita Shangazi, ingawa hana udugu na hata mmoja wao, naye huitika kama aliyezaliwa na jina hilo.

Kila siku huwatangulia uwanjani. Huvitoa vifaa vyake sandukuni, vidogo vya kutosha kufichika kiganjani, akaviwasha na kuvipanga kwenye nyasi katikati ya uwanja, mbali na jukwaa lenye paa la bati. Huviacha pale vikitazama mbingu hadi vizipate setilaiti, kwa kuwa ishara zinazotoka huko juu ndizo zinazokadiria kasi ya mkimbiaji.

"Shangazi, hayo mayai yataanguliwa lini?" wachezaji humtania.

"Yakianguliwa yatasema nani mvivu. Wewe ndiye unayehangaika zaidi, kwa nini?"

Kisha kila mchezaji huvaa fulana ya kubana yenye mfuko katikati ya mabega, nao wameipa jina, sidiria ya setilaiti. Anayeishona na kuibana mifuko hiyo ni mumewe, fundi cherehani, kwa sababu kifaa kikichezacheza mgongoni huharibu hesabu. "Maisha yangu yote nimewashonea watu mifuko," husema fundi. "Hii ndiyo ya kwanza ambayo mwenyewe hawezi kutia mkono."

Katika timu hiyo alikuwepo winga mmoja mfupi, mwepesi wa kuwaka, aliyeitwa Kiberiti. Siku moja kifaa chake kilionyesha kilomita thelathini na tatu kwa saa. Chumba cha kubadilishia nguo kilipasuka kwa kelele, na Shangazi alikuwa miongoni mwa waliopiga kelele. Wachezaji waliichora namba hiyo ukutani kwa rangi nyekundu. Haukupita muda, goti la Kiberiti likakatika kano.

Alitibiwa, akafanya mazoezi ya goti, akarudi. Lakini Kocha alikuwa na sheria yake: anayetoka kwenye majeraha hachezi mpaka aikaribie kasi yake kubwa ya zamani. Hakuwa mtu mbaya. Alishawaona wasichana wawili wakivunjika tena kwa kuharakishwa. Sasa fainali ilikuwa Jumapili, na kila Kiberiti alipopimwa, namba ilikuwa ileile.

"Ishirini na tisa," Shangazi alisoma kwenye tableti Alhamisi hiyo.

"Tena?" Kocha alitikisa kichwa. "Basi Jumapili atakaa jukwaani."

"Kocha, mimi nimepona," alisema Kiberiti, akihema. "Mwili wangu naujua."

"Mwili ni wako, mwanangu. Mimi nafuata namba. Namba haidanganyi."

"Hudanganya vizuri tu," alisema Shangazi. "Tofauti yake na sisi, yenyewe haioni haya."

"Unasema ya leo imedanganya?"

"Ya leo naiamini. Nipe mpaka kesho."

Jioni alisogeza vitambaa kwenye meza ya mumewe ya kukatia nguo, akafungua kumbukumbu za siku ile ya thelathini na tatu. Siku ile alikuwa ameitazama namba ya juu tu, kama wengine wote. Safari hii aliutazama mstari mzima wa kasi. Kasi ya binadamu hupanda kama mtu anayepanda kilima, lakini hii ilipanda kama mtu anayeruka ukuta. Akaitazama na njia yenyewe kwenye picha ya uwanja. Kiberiti alikuwa akikimbia pembeni, karibu na jukwaa, kisha ghafla mstari ukapinda, ukapita katikati ya ngazi za jukwaa, ukarudi uwanjani.

"Hebu njoo uone," alimwita mumewe.

Fundi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Huyu mtoto amepita ndani ya zege?"

"Ndiyo. Na hakuchubuka hata ukucha."

"Mlete basi, anitobolee matundu ya vifungo."

Ishara zilikuwa zimegonga bati na ukuta kabla ya kufika, na kifaa kikadhani mchezaji ameruka hatua kadhaa kwa mpigo. Shangazi akafungua kumbukumbu nyingine zote za kabla ya goti, za mbali na jukwaa. Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Hakuna hata moja iliyozidi hapo. Alicheka peke yake, akafunga tableti, akala chakula chake kwa raha.

Asubuhi alimkuta Kiberiti amekaa chini ya ile namba nyekundu, anafunga kamba za viatu. Akamweleza yote.

"Kwa hiyo nimepona?"

"Umepona kitambo. Kasi yako ya zamani ndiyo hii uliyonayo."

Kiberiti alianza kutabasamu, kisha akainua macho ukutani. "Na ile?"

"Ile ilikuwa ya bati."

Msichana aliziachia kamba za viatu. Kisha akasema, "Shangazi, unajua kule kwenye mazoezi ya goti nilikuwa nafanya nini? Kila nikikunja mguu nikisikia maumivu, naitaja namba ile. Mama ameisimulia mtaa mzima. Usimwambie Kocha."

"Nisipomwambia, huchezi."

"Nisicheze basi. Heri nikae jukwaani nikiwa yule."

"Yule yupi? Wa kupita ndani ya zege?"

"Usinichekeshe, Shangazi, mimi nalia."

"Lia, mwanangu. Lakini sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Namba niliisoma mimi na kelele nilipiga mimi, kwa hiyo Kocha namwambia. Wewe vaa fulana, unakimbia."

Kwenye mstari wa mbali na jukwaa, chini ya mbingu tupu, Shangazi alisimamisha nguzo za miale. Mkimbiaji akikata mwale wa kwanza saa inaanza, akikata wa pili inasimama, na setilaiti hazihusiki. Kifaa nacho alikiweka mgongoni mwa Kiberiti, ili mashahidi wawe wawili.

Kocha aliutazama ule mstari uliopita katikati ya ngazi, akajikuna kidevu. "Miezi yote hii nimemdai mtoto wa watu kasi ya bati?"

"Tumemdai sote."

Kiberiti alirudi nyuma kuchukua nafasi, macho yake bado mekundu. Alikimbia kwa hasira, kama anayemfukuza mtu aliyemwibia. Akapita katikati ya nguzo, na nyasi zikaruka nyuma yake.

Nguzo zilisema thelathini. Kifaa cha mgongoni kikasema thelathini kasoro chembe.

"Jumapili unaanza," alisema Kocha, akapuliza filimbi kuwaita wengine.

Kiberiti hakurukaruka. Aliinama, mikono magotini, mpaka pumzi iliporudi. Shangazi akakivuta kifaa kutoka mfukoni mwake, kikiwa na joto la mgongo.

"Shangazi."

"Sema."

"Kabla ya goti, siku zote zile. Sijawahi kukimbia kama leo?"

Mwanamke yule mwenye sauti ya kufika goli hadi goli aliinama mpaka mdomo wake ukalikaribia sikio la msichana.

"Hujawahi," alinong'ona.