Gunia la Majani ya Njombe

Juzi mjukuu wangu alifungua gunia la majani aliyoyakata jana yake yakiwa na umande, na harufu ikanifikia kabla sijageuka. Ni harufu tamu yenye uchachu ndani yake, ya majani mabichi yaliyojipika yenyewe. Nikamwambia ayamwage, asimpe ng'ombe hata konzi moja. Alidhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilikuwa nimerudi Makambako, enzi za Mwingereza, mtoto wa kike wa miaka tisa hivi, namsubiri baba.

Kwetu ni Njombe, kule ukungu unakolala juu ya nyasi hadi jua limepanda. Mama aliumwa kifua. Kikohozi kilipokataa kumwacha, wakubwa waliamua nikakae kwa shangazi yangu, dada yake baba, mpaka mama apone. Shangazi alikuwa mjane asiye na ziada, kwa hiyo nikapewa Tulia, ng'ombe wa mama, ili nisiende mikono mitupu. Mama alisimama mlangoni amejitanda blanketi. "Mtunze," aliniambia. "Nikipona nitakuja kunywa maziwa yake huko huko." Baba akatusindikiza, mimi na Tulia, siku mbili kwa miguu. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno ya mama, na nilipofika mambo mawili yalikuwa yamekuwa moja kichwani mwangu: Tulia akitoa maziwa, mama atakuja.

Basi fikirini hofu yangu maziwa yalipokatika.

Makambako ya wakati ule ilikuwa njia panda, maduka machache na upepo. Nyasi zake zilinizidi urefu, na kiangazi kilipokolea zikawa ngumu kama fito. Tulia alizila, tena alizila sana. Tumbo lilijaa, lakini mbavu zikaanza kuonekana, na kibuyu nilichozoea kukijaza kikawa kinapata maziwa ya kufunika kitako tu. Mavi yake yalitoka makavu, na mabua yakiwa mazima ndani yake. Alilala bila kucheua, taya zimetulia, akitazama upande tuliotoka. Au labda ni mimi niliyekuwa nikitazama.

Sikuwa na mwenzangu. Watoto wa jirani walinicheka nilivyoongea. Walisema naongea kama mtu anayetetemeka kwa baridi. Mchana nilikaa kando ya barabara nikiyatazama malori yanayotoka Njombe, na siku moja nikampata utingo mwenye uso wa huruma. Nikamwagiza amwambie baba alete majani ya kwetu, ng'ombe wa mama anakwisha. Jioni niliweka sikio kwenye bonde la ubavu wa kushoto wa Tulia. Nyumbani tumbo lile lilinguruma kama mvua ya mbali. Hapa lilikuwa kimya, nami nililia pale pale, uso kwenye manyoya.

Hivyo ndivyo shangazi alivyonikuta. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mpaka siku ile nilidhani hanipendi. Alikandamiza ngumi yake pale nilipoweka sikio, akasikiliza kwa mkono.

"Tumbo lake bado liko Njombe," alisema. "Majani ya huku halijayajua."

Kesho yake asubuhi alimsubiri ng'ombe wake mzee alale na kuanza kucheua. Akamshika taya, akaingiza mkono mdomoni na kutoa tonge la kijani linalofuka mvuke. Akalitia mdomoni mwa Tulia na kumfumba mpaka akameza.

"Tunamwazimia," alinieleza. "Huyu wangu amekulia nyasi hizi. Tumbo lake litalifundisha la mwenzake."

Nilimwuliza kama na mimi nitalishwa tonge hilo. "Wewe maliza kwanza ugali wangu wa mtama unaowamwagia kuku," alijibu. Kumbe alikuwa ananiona. Nilicheka, mara ya kwanza tangu nifike.

Tulifanya hivyo asubuhi nne. Siku zikapita, na jioni moja nikaisikia ile mvua ya mbali. Tulia akaanza kucheua tena. Maziwa yakarudi kidogo kidogo, nami nikawa namaliza ugali.

Ndipo baba akashuka kwenye lori, gunia begani. Nilimkimbilia, nikauliza mama yuko wapi. Alilitazama gunia. "Nimekuletea majani uliyoagiza," alisema, kisha akaingia ndani na shangazi, wakafunga mlango.

Sikungoja. Niliyamwaga yote mbele ya Tulia, marefu, ya kijani, yana joto kama ugali uliotoka jikoni. Nilijiambia sasa maziwa yatajaa, na mama atakuja. Alikula bila kuinua kichwa. Kabla jua halijaanza kushuka, ubavu wa kushoto ulikuwa umevimba kama ngoma, ulimi nje, anahema. Nikapiga kelele.

Shangazi alitoka macho mekundu, nami nikadhani ni moshi. Alimfunga Tulia kijiti mdomoni ili atafune, akamnywesha mafuta ya karanga, na baba akamtembeza kupanda kilima huku shangazi akikandamiza ubavu kwa mikono yote miwili. Tulizunguka mpaka miguu ikaniuma. Mwishowe Tulia akapiga mbweu kwa kishindo, pumzi chafu ikanipiga usoni, na uvimbe ukaanza kushuka.

"Tumbo limeshahamia huku, mwanangu," shangazi alisema. "Ya kwenu yakija ghafla hivi, haliyawezi tena." Kisha akakaa chini, akalia kwa sauti. Niliona amezidisha. Nikamshika bega nikimbembeleza: "Shangazi, usilie, si amepona?"

Baba ndiye aliyeniambia, jioni ile, kwamba mama hakupona.

Kwa miaka mingi niliamini ni mimi na gunia lile tuliomuua mama. Sikumwambia mtu. Nilikuwa mkubwa niliporudi Njombe na kuonyeshwa kaburi, nyuma ya nyumba, kwenye mteremko ambao mama hakuruhusu mtu akate nyasi zake, udongo usije ukachukuliwa na mvua. Nilisimama pale nikakumbuka urefu wa majani yale. Kiangazi kile hapakuwa na mahali pengine petu penye majani marefu namna hiyo. Baba hakujua aniambie nini. Alichokuwa nacho ni agizo langu, na majani yalikuwa pale miguuni pake, yamekwisha kukatwa kupisha kaburi.