Muda wa Onesphory

Mimi nauza vitambaa Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, na jirani yangu Isidori anauza vifungo, zipu, nyuzi na lastiki. Milango yetu inatazamana. Fundi akinunua kitambaa kwangu anavuka njia kwenda kuchukua zipu kwake, na akikosa uzi wa rangi anayoitaka anarudi kunilaumu mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa Isidori. Tumeishi hivyo miaka ishirini na mbili. Jina langu Kishor, nakaa Upanga, nina miaka hamsini na saba, na nisingeandika habari za mtu mwingine kama sehemu ya kosa isingekuwa yangu.

Isidori ni mtu wa Kibosho. Alikuja mjini kijana, akafungua duka, akajenga Ilala, akaoa mke mwema anayeitwa Agnesi. Baadaye akamleta mjini mdogo wake, Onesphory, amsaidie dukani. Isidori ni mtu wa sauti. Akisalimia, mtaa mzima unaitikia. Onesphory alikuwa mwembamba, mpole, anayeongea kama anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Kitu kimoja tu alikipenda, nacho ni mbio. Aliamka saa kumi alfajiri, akakimbia kutoka Buguruni alikopanga chumba mpaka daraja la Salenda na kurudi, akaoga, na kufika dukani saa tatu, wakati mlango ulitakiwa kuwa wazi saa moja na nusu.

Siku moja mteja aliyetoka Tunduma alisubiri kibarazani zaidi ya saa nzima, akachoka, akapeleka oda yake duka jingine la vifungo. Isidori alikuwa ameenda kwa wakala wa mizigo. Aliporudi na kusikia, alimfokea mdogo wake mbele ya mafundi na wapita njia.

"Mbio zako zinatusaidia nini? Una miaka thelathini na saba, unakimbiakimbia kama mtoto wa shule! Niletee kitu nikione!"

Halafu akanigeukia mimi, kwa sababu alijua Jumapili nakimbia na klabu yetu ya Upanga.

"Eti Kishor, hiyo marathoni yao, mtu anayejua mbio anamaliza kwa muda gani?"

Nilikuwa napima bitana ya mteja. Nilijibu bila hata kuinua kichwa.

"Chini ya saa tatu na nusu."

Ndivyo nilivyosema. Mimi ambaye sijawahi kumaliza hata nusu ya marathoni bila kutembea. Nilikuwa nimeisikia mahali, ikanipendeza, nikaitoa kama mjuzi. Ningeweza kusema saa nne, ningeweza kusema saa tano, na hakuna ambaye angebisha. Mdomo huu umeniponza mara nyingi, lakini hakuna mara nyingine ninayoijutia hivi.

"Umesikia?" Isidori akamwambia mdogo wake. "Chini ya saa tatu na nusu. Ukiipata, sifungui mdomo tena, na viatu nakununulia mimi, vipya, sio mitumba ya Mchikichini. Ukiikosa, unaachana na huo upuuzi, unashika duka."

"Sawa, kaka," Onesphory akasema.

Marathoni ya hapa mjini ilikuwa baada ya miezi mitano. Jumatatu baada ya mbio hizo Onesphory alifika dukani kabla yetu sote, medali ameificha ndani ya shati. Kaka yake alipomwuliza, aliitoa, akatazama chini.

"Tatu na ishirini na nane," akasema.

Mnamjua Isidori akifurahi? Alitoka nyuma ya kaunta akamnyanyua mdogo wake juu kama gunia la sufi. Aliagiza kreti mbili za soda, kila aliyepita akanywa, hata wapagazi wa mikokoteni. Alimpigia simu mama yao Kibosho, akaweka sauti ya juu, tukasikia vigelegele vya yule bibi vikijaa dukani kwangu. Mchana huohuo akaenda kununua viatu. Onesphory alilipokea boksi kwa mikono miwili, akakaa juu ya marobota ya nyuzi, akalia. Tukasema ni furaha.

Lakini viatu vile hakuvivaa. Na tangu siku ile alianza kuwahi kazini, saa moja na nusu kamili mlango uko wazi, na Salenda hakuonekana tena. Tukasema ameridhika. Ni wepesi kweli sisi watu wa dukani wa kumaliza mambo ya wenzetu kwa neno moja.

Miezi minane baadaye akapata homa ya uti wa mgongo. Siku nne tu, akafa.

Tulimpeleka kwao kumzika, basi zima la watu wa Kariakoo, na mimi nikiwemo. Kabla ya kaburi ulisomwa wasifu wa marehemu: alizaliwa lini, alibatizwa wapi, alisoma shule gani. Wasifu wake ulikuwa mfupi, maana hakuwa na mke wala mtoto. Mwisho kabisa msomaji akasema marehemu alikuwa mwanariadha, na alikimbia marathoni kwa saa tatu na dakika ishirini na nane. Watu waliguna kwa heshima. Mama yake, aliyekuwa ameinama muda wote, aliinua uso. Baadaye akataka maneno hayo yaandikwe kaburini. Isidori mwenyewe ndiye aliyemfuata fundi wa marumaru, na leo kila anayekwenda kwao Krismasi anayakuta pale, chini ya jina na miaka: Mwanariadha, kilomita 42, saa 3:28.

Haukupita mwezi, Isidori akaanza kukimbia.

Alikuwa na miaka arobaini na saba na tumbo lililokuwa linafika kwa mteja kabla yake. Alinigongea Upanga asubuhi ya kwanza amevaa kaptula ya mpira na soksi za kazini. Mke wangu, jina lake Ila, alicheka mpaka akalazimika kurudi ndani. Tulikimbia mpaka Ocean Road, akatapika, akaniuliza kesho tunaanza saa ngapi.

"Unatafuta nini, Isidori?" nikamwuliza.

"Ishirini na nane."

Nilidhani ni majonzi tu, yatapita. Hayakupita. Aliacha bia, akaacha kitimoto, akaacha kuchelewa kulala. Marathoni ya kwanza alimaliza kwa saa nne na dakika hamsini na mbili, akafika amepinda kama ndoano. Mwaka wa pili, nne na kumi na tisa. Mwaka wa tatu, tatu na hamsini na nane, na hapo tumbo lilikuwa limekwisha na mashati yake yote yamekuwa makubwa. Agnesi alinilalamikia kwamba nimemharibia mume. Nilimwambia mimi nimeshaachwa nyuma zamani, siku hizi namwona tu mwanzo na mwisho.

Mama yao alikuwa amehamia Ilala kutibiwa macho, lakini macho hayakupona. Akawa anakaa sebuleni, na kila baada ya mbio alikuwa anauliza swali lilelile. "Umemfikia mdogo wako?" Isidori anajibu, "Bado, mama."

Mwaka huo wa tatu nilitaka kumfurahisha. Siku ya kumbukumbu ya Onesphory ilikuwa imekaribia, nikawaza nimchapishie karatasi ya matokeo yake, niiweke kwenye fremu. Matokeo yote yako mtandaoni, unaandika jina tu. Nikakaa dukani mchana, hakuna mteja, nikaandika. Jina likatokea. Kilomita kumi, alipita. Ishirini na moja, alipita, tena vizuri sana. Thelathini, alipita. Baada ya hapo hakuna kitu. Nikatafuta tena, nikadhani simu. Mwisho wa mstari pameandikwa hakumaliza.

Nikatazama mbele. Isidori alikuwa anamhesabia fundi vifungo, anaimba. Nikafunga ile simu.

Nilinyamaza miaka mitatu. Najua mtaniuliza kwa nini. Niliogopa, ndilo jibu. Niliona yule mtu anaamka kila siku kwa sababu ya namba ile, nikaona nikiiondoa ataanguka. Na ukweli mwingine ni kwamba namba yenyewe niliitoa mimi, nikiwa na tepu ya kupimia shingoni. Nilikuwa nakimbia naye alfajiri kwenye daraja la Tanzanite, upepo wa bahari unatupiga, ananiambia jinsi Onesphory alivyokuwa anarusha miguu, nami naitikia ndiyo, ndiyo.

Mwaka jana alipata tatu na arobaini. Mwaka huu goti la kulia likaanza kuvimba. Daktari alimwonyesha picha, akamwambia gegedu limekwisha, akikimbia tena mbio ndefu atatembea na fimbo. Isidori akamwomba mbio moja tu. Daktari akasema hampi ruhusa, ila hawezi kumfunga kamba. Kwa hiyo tulijua sote, mimi, Agnesi, yeye mwenyewe, kwamba hii ni ya mwisho. Ana miaka hamsini na tatu.

Nilimsubiri kwenye utepe wa kumalizia mbio. Kilomita ya thelathini na mbili kijana mmoja wa klabu yetu alinipigia simu, akasema mzee anapita, yuko ndani ya muda, anachechemea kidogo. Nikaomba. Nilimwomba Mungu wangu na wake, kwa pamoja, wagawane kazi. Jua lilikuwa limeshatoka na lami imeanza kutoa joto. Saa kubwa ya pale kwenye utepe ikasoma tatu na ishirini na tano, ishirini na sita, ishirini na saba. Ikasoma ishirini na nane, na barabara mbele yangu ilikuwa na watu, lakini yeye hayumo.

Alitokea kwenye kona anaburuta mguu. Alikuwa anaiona saa. Aliendelea kukimbia vilevile, meno yamekaza, kama vile bado kuna kitu cha kuwahi, akavuka ikiwa tatu na thelathini na tatu. Nikamshika, tukaenda kukaa kwenye nyasi.

Bado alikuwa anaitazama ile saa. Mimi sikuweza kuvumilia.

"Mwambie mama umepata," nikasema. "Sema ishirini na saba. Nani atakwenda kuangalia?"

Isidori akanitazama.

"Onesphory naye si alijisemea hivyohivyo?"

Nikaacha kumfungulia chupa ya maji.

"Unajua?"

"Aliniambia mwenyewe, hospitali, siku ya tatu. Alisema, kaka, ile ishirini na nane sikuikimbia. Mguu ulinikaza kilomita ya thelathini na tatu, nikapandishwa gari la wagonjwa, mle ndani wakatugawia medali. Alisema, niliogopa utaninyima mbio, halafu uliponipa viatu nikaona aibu hata ya kukimbia." Akajifuta uso kwa namba yake ya kifuani. "Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, nyamaza, pumzika, tutaongea ukipona."

"Isidori..."

"Mama akataka iandikwe. Ningemwambia nini mtu anayezika mtoto? Nikaiandika. Halafu nikasema, basi nitaikimbia mimi. Hata kama si yeye, ni damu yake. Angalau iwepo, isiwe uongo mtupu pale juu ya kifua chake." Akaligusa goti. "Nimeshindwa, Kishor. Dakika tano."

Nilitaka kumwambia kwamba namba ile ni yangu, kwamba niliitoa hewani. Nilifungua mdomo. Kumbe yeye anakumbuka, maana aliniwekea mkono begani akasema, "Hukumfokea wewe." Basi. Nikalia pale mbele ya vijana wenye simu zao, mtu mzima mwenye mvi.

Nilimpeleka Ilala kwa gari langu. Agnesi alitufungulia, akamtazama mumewe usoni, akatupisha. Mama alikuwa kwenye kiti chake, amevaa kitenge kizuri, anasubiri.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, baba. Yuko wapi mwenye mbio zake? Isidori, umemfikia mdogo wako?"

Isidori alisimama katikati ya sebule akishikilia mgongo wa kochi.

"Sikumfikia, mama. Amenizidi dakika tano."

Yule bibi akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka tangu mazishi. Akapiga makofi mara mbili juu ya magoti yake.

"Nilijua! Nilijua tu! Yule alikuwa mwepesi tangu tumboni. Usihuzunike, mwanangu. Wewe ulimtangulia kwenye kila kitu. Ulimtangulia shule, ukamtangulia mjini, duka ni lako, nyumba ni yako, una mke, una watoto. Yeye hakuwa na chochote. Hili moja mwachie."

"Namwachia, mama," Isidori akasema. "Ni lake."

Akakaa, akajaribu kuinama avue viatu, goti likakataa. Nikapiga magoti sakafuni nikaanza kumfungulia kamba, zilikuwa zimelowa na zimekaza. Mama akauliza mbona tumekuwa kimya ghafla. Agnesi akamjibu kwamba wamechoka, mama, wametoka mbali.