Machozi Yasiyo ya Huzuni

Mimi ni mtu wa Mpofi, Walikale, kwa watu wa msitu. Kwetu kuna mbuzi, kuku na mihogo. Ng'ombe nilimjua kwa nyama tu. Mwanamume aliyenioa ni wa Masisi, upande wa Nyabiondo, mfugaji wa kuuza maziwa. Tulifunga ndoa kanisani, tukaingia nyumbani, na hapo mwili wangu ukaanza vituko: kila nikifika kileleni, machozi hunitoka. Si kilio cha sauti. Machozi tu, yanamiminika bila ruhusa yangu, na miguu inatetemeka kidogo. Moyoni nina raha hata ningeweza kuimba.

Mara ya kwanza mume wangu alinitazama, akanipangusa shavu, akasema polepole, "Uko na macho ya nyana."

Nyana kwa lugha yao ni ndama. Neno nililielewa, mtu sikumwelewa. Kwetu ukimwita mtu mnyama, unatafuta ugomvi. Mimi niitwe ndama, tena kitandani, tena uchi! Nikampa mgongo. Sikumweleza kitu, nikanuna kwa ufundi wote niliorithi kwa mama yangu.

Yeye akajumlisha machozi na mgongo, akapata jibu lake. Toka hapo akawa ananigusa kama mtu anayeshika sufuria ya moto. Akisikia pumzi zangu zinabadilika, anaacha. Baadaye hakunigusa kabisa. Kila jioni kuna ng'ombe mgonjwa, lazima akamwangalie. Nikaogopa. Nilimpenda mtu huyu, na nilikuwa ninampoteza kitanda kikiwa kimoja.

Miezi ikapita hivyo, kisha mama mkwe akanipeleka arusi ya jirani. Bibi arusi alipotoka, mama mmoja mzee akasimama kumsifu: "Muangalie huyu mutoto! Macho yake njo ya nyana kabisa!" Wanawake wakapiga vigelegele. Bibi arusi akainamisha kichwa, akitabasamu.

"Mama," nikamnong'oneza mama mkwe, "wanamutukana?"

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Kumutukana? Hapa kwetu hakuna sifa inapita ile. Muke muzuri sana njo tunamwambia vile."

Nilitamani ardhi inimeze. Kesho yake asubuhi nilimfuata mume wangu nyuma ya nyumba, alikokuwa akisuuza bidoni, madumu yake ya maziwa.

"Sheri, mupenzi wangu, ile siku uliniambia niko na macho ya nyana, nilizani unanitukana."

Akaweka bidoni chini. "Mie nilizani nakuumiza. Unalia, kisha unanipa mugongo. Nikasema, huyu muke anavumilia tu."

"Hauniumize. Raha ikipita kipimo, mwili yangu inalia yenyewe. Hata mie sijue sababu gani."

Niliona mabega yake yakishuka, na nikaelewa kwamba miezi yote hiyo alikuwa amejibebesha kosa ambalo halikuwapo. Nilimhurumia.

"Sasa ukilia," akauliza, "nifanye nini?"

Swali hilo hakuna aliyewahi kuniuliza, wala mimi sikuwahi kujiuliza. Nilitafuta jibu huku uso ukiniwaka.

"Usiache. Unishike tu mpaka yaishe."

Usiku ule yalipokuja, alinishika. Machozi yaliisha, naye hakuniachia.